Sura ya Saba: Sabufa Ukutani

Sabufa ilianguka usiku, wiki ya sita tangu itundikwe. Wakati huo nilikuwa mpangaji Dar es Salaam, na chumba chenyewe kilikuwa cha pili kutoka changu. Kishindo kilitutoa wapangaji wote, kila mtu akidhani ukuta umebomoka. Ndani tulikuta kasha limepasuka kona, waya umeng'oka pamoja na bonge la lipu, na misumari miwili ya inchi nne imelala juu ya godoro. Godoro hilo hulaliwa na mtoto wa miaka minne. Usiku ule alikuwa kwa bibi yake.

Mama wa chumba kile alikaa kitandani akishika kichwa, kisha akasema neno ambalo sikulielewa uzito wake mpaka baadaye sana: wiki mbili mfululizo alikuwa akifagia vumbi la kijivu chini ya ukuta ule, akidhani ni mchwa.

Aliyetundika hakuwa mzembe. Baada ya kupigilia misumari, alining'inia mwenyewe kwa mikono miwili mbele yetu, miguu hewani, na misumari ikamshika. Mtu mzima mwenye kilo zaidi ya sitini hakuanguka, kasha la kilo nane likaanguka. Nimeliwaza jambo hilo miaka mingi, na jibu lake ndilo sura hii. Yule mtu alining'inia akatulia. Sabufa haitulii.

Mitaani tukisema sabufa huwa tunamaanisha seti nzima, kasha kubwa pamoja na vispika vyake vidogo. Vile vidogo vina matundu mgongoni yaliyotengenezwa kwa kuning'inizwa kwenye skrubu, na hapo ndipo watu wengi hukosea, wakadhani kaka yao mkubwa naye anastahili hivyohivyo. Katika sura hii nikisema sabufa namaanisha lile kasha kubwa linalotoa besi.

Kazi ya kasha hilo ni kusukuma hewa. Karatasi ya spika inapokwenda mbele, kasha husukumwa nyuma kidogo. Karatasi ikirudi, kasha nalo hugeuza. Ni ile kanuni ya Isaac Newton ya mwaka 1687, kwamba kila msukumo una msukumo wa kuujibu. Besi ya hezi 50 maana yake ni safari 50 za kwenda na kurudi kila sekunde. Kwa dakika ni 3,000, kwa saa 180,000. Familia inayowasha muziki muda wa saa 3 kila jioni inaupa ukuta wake mitikiso 540,000 kwa siku. Hata tukisema besi yenyewe inapiga nusu tu ya muda huo, katika wiki sita misumari ile miwili ilitikiswa zaidi ya mara milioni 11. Kila mtikiso ulikuwa mdogo mno kuonekana kwa macho, lakini kila mmoja ulisaga punje ya mchanga ndani ya tundu. Zile punje ndizo mama alizokuwa akizifagia.

Hata chuma kwa chuma hakisalimiki. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba bolti iliyokazwa barabara hujifungua yenyewe ikisukumwa ubavu huu na ubavu huu, tena kwa haraka kuliko ikivutwa kwa urefu wake. Sabufa iliyotundikwa ukutani huzifanyia skrubu zake kitu hichohicho. Na lipu je? Mwaka 1974 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Earthquake, iliyohusu tetemeko la ardhi, na kumbi za sinema zikafungiwa maspika makubwa ya besi ili watazamaji wausikie mtetemo mwilini. Katika ukumbi wa Grauman's Chinese Theatre, Hollywood, vipande vya lipu vilianza kudondoka kutoka darini, ikabidi utegwe wavu juu ya vichwa vya watu. Sabufa ya sebuleni ni kitoto mbele ya mitambo ile, lakini inapiga kila siku, na lipu ya nyumba zetu si nene.

Kwa nini basi watu huipandisha ukutani? Sababu zao ni za kweli, sitazibeza. Chumba ni kimoja, kina kitanda, kabati, jiko la gesi na ndoo za maji, sakafu imekwisha. Mtoto anayetambaa ameugundua mdomo wa tundu la hewa la kasha na anaingiza humo vijiko na maganda ya ndizi. Kwa wakazi wa mabondeni, kama kando ya Mto Msimbazi, mvua za masika zinaweza kuingiza maji ndani usiku mmoja, na kitu kilichokaa sakafuni ndicho cha kwanza kuharibika. Wengine wamechoka tu kulisogeza kasha wakati wa kupiga deki.

Sababu moja, hata hivyo, naikataa: kwamba sabufa ikiwa juu inasikika vizuri zaidi. Sikio la mwanadamu hushindwa kujua sauti nzito sana inatokea upande gani. Chini ya hezi 80 hivi, kasha likiwa nyuma ya kochi au mbele yako, huwezi kulinyooshea kidole. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kuliko chumba chenyewe. Sakafu na ukuta ni marafiki wa besi, kwa sababu huirudisha chumbani badala ya kuiacha itawanyike. Kasha likisogezwa karibu na ukuta, mdundo unaweza kuongezeka hadi desibeli 6, sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara nne, bila kulipa hata senti ya ziada ya Luku. Ukilipandisha mita 1.7 juu, sauti inayoshuka kugonga sakafu na kurudi husafiri karibu mita 3.5 za ziada, yaani nusu ya lile wimbi la hezi 50. Ikirudi hukutana na ile inayotoka ikiwa kinyume chake, na sehemu ya mdundo hujiua yenyewe. Nimewaona watu wakitundika sabufa juu, wakaona besi imepungua, wakaongeza sauti ili kufidia. Sauti ikiongezwa, mtikiso nao huongezeka.

Kwa hiyo, kama hakuna linalokulazimisha, iache chini. Kama umelazimika, soma hatua kwa hatua, na uanze na ukuta kabla ya kufikiria drili.

Gonga kwa vidole, uusikilize. Ukuta wa tofali za saruji hutoa sauti fupi, nzito, iliyoshiba. Jipsamu hulia kama debe tupu, na hapo safari yako imekwisha: kibao cha milimita 9 au 12 kilichoshikwa na fremu nyembamba hakifai kubeba kitu kinachotetema, na zaidi ya hapo kibao chenyewe kitageuka ngoma na kukuharibia muziki. Ukuta wa mabati ni vilevile. Ukuta wa fito na udongo ni mzuri kwa mengi, una ubaridi na umetutunza vizazi na vizazi, lakini udongo haushiki skrubu inayotikiswa. Katika nyumba hizo tatu mwite fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma yenye miguu minne, ikae sakafuni ikiegemea ukuta. Kimo utakipata kilekile, na mzigo utabebwa na ardhi.

Tofali za saruji nazo hazilingani. Wapo wafyatuaji wanaourefusha mfuko mmoja wa saruji mpaka tofali linabaki mchanga uliovishwa rangi ya saruji. Utalijua tundu likianza kutobolewa. Drili ikizama kama kisu kwenye mkate na mchanga ukamwagika kwa wingi, simama. Tofali zuri hukataa kidogo, na vumbi lake ni jembamba, la rangi moja. Tundu la kwanza ndilo mtihani wa ukuta wako, kwa hiyo litoboe mahali ambapo ukilazimika kuliziba halitakuudhi.

Kwa wenzetu wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu nina ombi la pekee. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, nene kuliko kuta zetu zote, na unene huo huwadanganya watu. Chokaa ni laini. Drili ya nyundo hulitingisha jiwe zima ndani ya kiota chake, na tundu lililozibwa kwa saruji hufungia unyevu ambao chokaa ingeuacha utoke. Miji hiyo miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wa Unguja tangu 2000 na wa Lamu tangu 2001, na ukuta wa aina hiyo ukiharibika hausaidiwi na fundi yeyote wa mtaani. Na zile zidaka walizochonga wazee ukutani kwa ajili ya sahani za kauri na vitabu, tafadhali msitie humo kitu kinachotetema. Nimeona sabufa imekaa ndani ya kidaka, imeenea kama imepimwa, na nakshi za pembeni zimeanza kupukutika.

Sasa rafu yenyewe. Kanuni yangu ni moja, na siilegezi: sabufa haining'inizwi, hubebwa. Usitie skrubu mgongoni mwa kasha hata kama mbao inaonekana nene. Makasha mengi ni ya emudiefu, yaani nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na skrubu ndani yake hulegea upesi kuliko hata kwenye tofali. Tundu jipya pia huvujisha hewa, na nyuma ya ule ubao kuna transfoma inayopokea umeme wa ukutani. Kasha likae juu ya rafu kwa uzito wake lenyewe, na rafu ishikwe na breketi mbili za chuma.

Breketi zinazouzwa kwa ajili ya rafu za vitabu zina mguu mfupi, na huo mguu mfupi ndio hatari. Chukua kasha la kilo 8 lenye kina cha sentimita 30, uliloliacha sentimita 5 mbali na ukuta ili lipumue. Katikati ya uzito wake iko sentimita 20 kutoka ukutani. Kama skrubu ya juu na ya chini ya breketi zimeachana sentimita 10 tu, zile za juu zinavutwa nje ya ukuta kwa kilo 16, kwani 8 mara 20 gawanya kwa 10 ni 16. Zikiachana sentimita 30, mvuto hushuka hadi kilo 5 na ushei. Kasha ni lilelile na ukuta ni uleule. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie chuma cha engo chenye mguu wa ukutani mrefu sawa na ule wa rafu, na aweke mshazari katikati.

Kisha hesabu uzito mara nne. Kilo 8 zichukulie kuwa 32. Nusu ya nyongeza hiyo ni kwa ajili ya mtikiso, na nusu nyingine ni kwa ajili ya mtoto, maana rafu iliyo kimo cha goti itapandwa siku moja, upende usipende. Na kimo cha goti ndicho ninachokushauri. Kasha likianguka kutoka mita 1.5 linafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, kama baiskeli iliyochanganya, na kilo nane za mbao na sumaku kwa mwendo huo zinatosha kuua mtoto. Kutoka kimo cha goti, litavunja kigae. Juu ya kitanda usiliweke kamwe, wala juu ya kiti, wala juu ya mlango. Aliye bado na televisheni ya chogo aiweke mbali pia, sumaku ya spika huichafua rangi.

Kabla ya kutoboa, tafuta umeme. Katika nyumba zetu paipu za nyaya zilizofukiwa ukutani kwa kawaida hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi na soketi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi yoyote au soketi yoyote, wala usawa wake kwa ubavu. Lakini wapo mafundi waliopitisha nyaya kimshazari ili waokoe paipu, na ukuta hausemi. Basi zima swichi kuu, na drili ipate umeme kwa ekstensheni kutoka kwa jirani, au utumie ya betri. Kama upande wa pili wa ukuta ni bafu, fikiria na bomba la maji.

Kitu kinachoshika skrubu ndani ya tofali tunakiita fisha, na wengi hawajui kwamba wanatamka jina la mtu. Artur Fischer, Mjerumani, alitengeneza plagi yake ya nailoni mwaka 1958. Kabla yake, mwaka 1911, Mwingereza John Joseph Rawlings alikuwa amekuja na yake. Mpaka leo bado nakuta mafundi wanaochonga kijiti cha mti na kukigongomea tunduni. Kijiti hicho hukauka, husinyaa, kisha hutoka na skrubu yake mkononi. Fisha hupanuka skrubu inapoingia, ikalibana tofali pande zote.

Kwa sabufa nunua fisha za milimita 10 na skrubu zake za urefu wa milimita 80. Lipu huwa na unene wa milimita 12 hadi 20, na haina nguvu ya kushika chochote. Fisha yote lazima ipite lipu iingie kwenye tofali. Funga utepe kwenye biti ya milimita 10, sentimita 8 na nusu kutoka nchani, utoboe mpaka utepe uguse ukuta. Tofali likiwa laini, zima ile nyundo ya drili, uache biti izunguke tu. Tumia pima maji ili breketi zote mbili ziwe sawa, maana kasha linalotetema juu ya rafu iliyoinama litatembea lenyewe mpaka ukingoni. Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi huliruka: pulizia tundu kwa pampu ya baiskeli mpaka vumbi liishe. Fisha iliyowekwa juu ya vumbi imekalia mchanga.

Kila skrubu iwe na springi washa. Mbele ya rafu pigilia ukingo wa mbao wa sentimita 3, na kasha lifungwe kwa mkanda mmoja unaolizunguka na kushikwa na breketi. Chini ya kasha weka vipande vinne vya mpira wa tyubu, kimoja kila kona. Mpira huo utazuia mgongano na mlio wa rafu. Mdundo mzito kabisa utapita tu, usitegemee miujiza. Kama tundu la hewa liko mgongoni, liache kasha sentimita 10 kutoka ukutani badala ya 5, na uirudie ile hesabu ya breketi. Nyaya zifungwe kwenye breketi zikiwa zimelegea kidogo, ili siku mtu akijikwaa asivute kasha lote.

Liko suala la jirani. Sabufa iliyo sakafuni humfikia zaidi kwa njia ya hewa. Ukiifunga ukutani, umeufanya ukuta wenyewe kuwa spika, na kama ni ukuta wa kuchangia, basi nusu ya spika hiyo iko chumbani kwake. Kenya wana kanuni za mwaka 2009 ambazo jina lake lenyewe linataja kelele na mtetemo uliozidi, na waliliweka neno mtetemo humo kwa sababu njema. Tumia ukuta wa nje, au ule unaotenga vyumba vyako mwenyewe. Kama upo mmoja tu na ni wa jirani, kamwulize kwanza. Mwenye nyumba naye aulizwe. Matundu ni yake utakapohama.

Ukishamaliza, chukua penseli uchore mstari mmoja mfupi unaoanzia kichwa cha skrubu na kuishia kwenye chuma cha breketi. Fanya hivyo kwa kila skrubu. Angalia kesho yake, angalia baada ya wiki, kisha kila mwezi. Mstari ukiwa umekatika, skrubu imezunguka, ikaze. Skrubu ikikazwa mara mbili na mstari bado unakatika, tundu limepanuka, na hapo kukaza hakusaidii tena.

Na wewe ambaye sabufa yako imetundikwa tayari, pengine kwa misumari, pengine na mtu uliyemwamini, inama leo utazame sakafu chini yake kabla hujafagia. Ukikuta vumbi la kijivu, zima muziki, lishushe kasha, umwondoe mtoto hapo, kisha ndipo umtafute fundi.